Mbuzi Wasiohesabiwa

Bibi yangu hakujua ana mbuzi wangapi, na hakutaka kujua. Lakini jioni walipokuwa wakiingia bomani, wakisukumana na kupandiana migongo kwenye mlango mwembamba wa ua wa miiba, kama mmoja alikuwa amebaki porini bibi alijua kabla vumbi halijatulia, na alijua ni nani. Hakusema, "Amepungua mmoja." Alisema, "Yule wa shavu jeupe yuko wapi?" Kazi yangu sasa ni kuandika habari, na imenikutanisha na watu wenye vipaji vya kila namna, lakini sijaona kipaji kilichonishangaza kuliko hicho. Tena hakuwa nacho peke yake. Dada yangu mdogo, Mumbua, aliyekuwa na miaka minane tu, alikuwa nacho vilevile, na nusura kimfukuzishe shule.

Msimu ninaousimulia ni ule ambao mama alijifungua kwa taabu, nami nikapelekwa kukaa kwa bibi, kijijini kaskazini mwa Mwingi, mpaka apate nguvu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilikuwa nimekulia mjini, katika chumba kilicho nyuma ya duka la vitambaa, nikilala kwa mngurumo wa malori yaendayo Garissa. Mumbua alikuwa amelelewa na bibi tangu alipoacha ziwa, na tulijuana kama watu wanaokutana Krismasi. Kwa Susu, kama tunavyomwita bibi kwa Kikamba, kitu cha kwanza kilichonipokea kilikuwa harufu: samadi ya mbuzi iliyokaangwa na jua mchana kutwa, moshi wa mgunga, na maziwa yaliyoanza kuchacha katika kibuyu. Harufu hiyo ilikaa katika blanketi, katika muthokoi wa mahindi na maharagwe, katika nywele za Mumbua. Jioni ile ya kwanza, nikitaka kuonekana mtoto wa maana, nilisimama mlangoni mwa boma nikaanza kuwahesabu mbuzi kwa sauti, kidole hewani, kama mama alivyohesabu mitandio. Sikufika mbali. Kiganja cha Susu, kikavu na kizito, kilinifunika mdomo.

"Unawaitia kifo kwa nini?" akaniuliza, bila hasira. "Mbuzi hawahesabiwi. Watoto pia hawahesabiwi. Ukishikwa na hamu ya kuhesabu, mawe yako huko nje, hesabu mpaka usinzie."

"Mwache, Susu," Mumbua akasema, akicheka. "Watu wa mjini wasipohesabu hawapati usingizi."

Baada ya hapo nilitulia na kuwatazama wao wakitazama, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa kazi yangu, ingawa sikujua. Susu alikaa upande mmoja wa mlango, Mumbua upande wa pili, na walizungumza mambo mengine kabisa: mbaazi za jirani, mchungaji aliyehubiri mpaka watoto wakalala. Macho yao hayakumfuata mbuzi yeyote. Yalitulia katikati, kama ya mtu anayeangalia maji yakipita. Nilimuuliza Mumbua anatazama nini. Akafikiri kidogo, akasema, "Sitazami. Asiyekuwepo ndiye anayejitokeza." Nilidhani ananidharau. Leo najua alikuwa akinijibu kwa uaminifu kadiri alivyoweza.

Wiki chache baadaye, gari la watafiti wa chuo kikuu liliingia katika kiwanja cha shule ya kijiji, ambako nami nilikuwa nimeandikishwa kwa muda. Aliyewaongoza aliitwa Daktari Mutheu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, mzaliwa wa Kilungu, milimani Ukambani, na ilitushangaza kwamba daktari hakuwa na sindano. Alitueleza kwa upole kwamba anachunguza jinsi mtoto anavyoona, anavyoshika jambo akilini, na anavyojifunza, kwa sababu ubongo, alisema, ni shamba ambalo hata wataalamu wamelima pembeni tu. Tuliitwa mmoja mmoja mbele ya meza yenye saa, vifuniko vya soda na kadi za picha. Baadaye nilikuja kujua kwamba kadi hizo hapo awali zilikuwa na matofaa, na kwamba wao, kwa wema kabisa, waliyaondoa wakachora mbuzi, ili watoto wa kwetu waone kitu wanachokijua.

Wema huo ndio ulioleta shida. Vifuniko Mumbua alivihesabu bila kukosea, na vijiti pia. Ilipofika zamu ya kadi, msaidizi wa daktari, kijana aliyeshika saa, alimwonyesha picha ya mbuzi akamuuliza, "Mbuzi wangapi?" Mumbua akajibu, "Wako." Kijana akarudia swali. "Wote wako, hakuna aliyepotea," akasema Mumbua. Kadi ya pili ikawa vilevile, ya tatu vilevile. Watoto wengine walikuwa na miiko hiyohiyo nyumbani, lakini walikwepa: walihesabu kimoyomoyo, wakataja idadi haraka kama mtu anayetema mbegu. Mumbua hakujua kukwepa. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye foleni, karibu kabisa, nikaona kalamu ya kijana yule ikichora duara moja baada ya jingine, alama ya kukosa. Nilijua sababu, nikanyamaza, maana zamu yangu ilikuwa inafuata. Nilihesabu mbuzi wote wa kwenye kadi na nikasifiwa.

Barua kutoka kwa mwalimu mkuu ilifika nyumbani kabla ya wiki kwisha. Nilimsomea Susu. Ilisema kwamba Mumbua ameonekana kuwa mzito wa kuelewa, na kwamba muhula ujao atahamishiwa shule ya bweni yenye darasa la watoto wa aina hiyo, mwendo wa karibu siku nzima kutoka kwetu. Watafiti hawakuwa wameagiza hivyo. Mwalimu mkuu aliona maduara kwenye karatasi akaamua mwenyewe. Susu alicheka mwanzoni, akidhani ninatania. Kisha akaniambia nisome tena, polepole. Mumbua alikuwa akimnyonyesha mwanambuzi aliyekataliwa na mamake, na hakuinua kichwa, ila niliona kwamba chupa imeshakuwa tupu naye anaendelea kuishikilia. Hapo nikasema yote niliyoyaona.

Asubuhi Susu alivaa viatu, jambo alilolifanya kwa ajili ya kanisa na misiba tu, akatutangulia hadi ofisi ya mwalimu mkuu. Daktari Mutheu alikuwapo, akipanga karatasi zake.

"Wewe ndiye uliyesema mtoto huyu haoni?" Susu akamuuliza kwa Kikamba.

"Sikusema haoni, mama. Nimeandika tu alivyojibu."

"Alikujibu kwamba wako. Ulitaka nini zaidi? Awahesabu wafe?"

Mwalimu mkuu akakohoa, akasema mambo hayo ni ya kizamani. Lakini Daktari Mutheu aliiweka kalamu chini. Nikamwona akiikumbuka ile meza, kadi moja baada ya nyingine, uso wake ukibadilika taratibu. "Kwetu Kilungu tulikuwa na maparachichi na ng'ombe mmoja," akasema hatimaye. "Hapakuwa na wa kuhesabu."

"Ndiyo maana," Susu akasema. "Mtu wa maparachichi atajuaje?"

Kinachonifanya nimheshimu daktari yule mpaka leo ni kwamba alicheka, halafu akaomba aruhusiwe kuja nyumbani. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini wenye shahada wengi husahau kuzitazama nywele za wenzao. Yeye alikuja jioni mbili mfululizo. Kwa idhini ya Susu, alimtuma kijana wake awafiche mbuzi wawili kwa jirani kabla kundi halijarudi, na mahali pao aingize mbuzi mgeni anayefanana na mmojawapo. Susu na Mumbua hawakuambiwa ni mbuzi gani wala saa gani. Daktari alichutama kando ya mlango, daftari gotini, nami nyuma yake. Kundi likaingia kwa fujo zake zote. Mumbua alikuwa akinisimulia habari ya nyoka, akakatiza katikati. "Mama wa mapacha hayuko. Na kilema hayuko. Na huyu," akamnyooshea kidole mbuzi mwekundu aliyekuwa tayari amezama katikati ya wenzake, "huyu ni wa watu." Susu, upande wa pili, aliitikia kwa kichwa tu, ameridhika, kama mwalimu ambaye mwanafunzi amemtangulia kujibu. Daktari naye alikuwa amejaribu kuhesabu. Alituonyesha daftari lake: alifika kumi na mbili, mbuzi wawili wakapita pamoja, akapotea.

Aliwapiga picha mbuzi wote, akatengeneza kadi mpya, akazipeleka shuleni. Sasa swali halikuwa wangapi, lilikuwa nani ametoka. Sisi wengine wote tulishindwa, mimi nikiwa wa kwanza kushindwa. Mumbua alijibu haraka kuliko kijana alivyoweza kuandika, na alipomaliza aliuliza kama kuna kadi nyingine, maana alikuwa anaanza kufurahi. Daktari Mutheu alimwandikia mwalimu mkuu ukurasa mzima kueleza kwamba kosa ni la kipimo na si la mtoto. Lakini mwalimu mkuu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikuwa na wakaguzi na mitihani ya taifa mbele yake, na mitihani hiyo haiulizi nani ametoka. Akatoa sharti: Mumbua atabaki shuleni kama atazirudia kadi za kwanza na kujibu kwa idadi.

Sharti hilo tulilipeleka nyumbani jioni ile. Mumbua alikuwa amesema hatahesabu, hata wakimpeleka bweni. Susu alimaliza kusugua kibuyu kwa mkaa, kisha akamwita karibu. "Picha haina damu," akamwambia. "Wa kwenye karatasi wahesabu, wakupe shule yako. Hawa wangu usiwaguse." Mumbua alimtazama kuona kama ni mtego, akaona si mtego. Siku iliyofuata alisimama mbele ya meza, akakunja ngumi, akasema tano, saba, tisa, kumi na moja, mpaka kadi zikaisha. Alisoma pale hadi akamaliza darasa la nane. Siku ile ya kadi Susu aliimba kwa furaha, nasi tukala nyama.

Miaka imepita. Susu alishazikwa nyuma ya boma lake. Mimi ninaishi kwa kuangalia, ndiyo kazi yangu, lakini nikitoka kwenye kikao cha watu wanane siwezi kukuambia nani hakuja mpaka nitazame orodha. Simu yangu inanikumbusha siku ya kuzaliwa ya mtoto wangu. Ninajua idadi ya vitu vingi mno, na vichache ninavijua kwa sura. Kila ninaposoma makala ya wataalamu kuhusu umakini, jinsi unavyogawanyika na jinsi ya kuufundisha upya, ninawaona wale wawili mlangoni, wakipiga soga, na hakuna kilichowapita.

Mumbua sasa ni mfanyabiashara wa mifugo Mwingi, na wenzake wa soko, wakiwemo Wasomali wazoefu wa kazi hiyo, humpisha anapochagua. Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimu, tukakaa kando ya zizi lake huku wanunuzi wakipita. Nilimuuliza kama bado anashika mwiko wa Susu. "Wa kuuza nahesabu, la sivyo nitaibiwa," akasema. "Wa nyumbani sihesabu." Kisha, bila mimi kumuuliza, akaongeza jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Alisema siku hizi, jioni, inambidi aangalie mara mbili. Zamani asiyekuwepo alijitokeza mwenyewe. Sasa anajua kuna pengo, lakini jina linachelewa kuja. Hajui kama ni umri, au ni macho, au ni zile kadi, kwa kuwa dalili ya kwanza, anavyokumbuka yeye, aliiona mwaka uleule wa kadi.

Nilimwandikia Daktari Mutheu kumuuliza kama kujifunza kuhesabu kunaweza kumwondolea mtu uwezo wa namna hiyo. Alinijibu siku hiyohiyo. Alisema ni swali zuri na kwamba hana jibu. Daftari la jioni zile mbili bado analo, na majibu yote ya Mumbua ya kabla hajazihesabu kadi yamo. Ya baada, ya kulinganisha nayo, hakuwahi kurudi kuyachukua.