Kumi na Tisa Katika Tangi la Mzee Leodgar

Hasna wa Ujiji alikuwa amebeba ndoo kwa miaka kumi na mmoja. Lieleweke hilo kwanza, maana ndilo lililokuwa likimchoma. Kule Katubuka kulikuwa na ghala la samaki wa mapambo, wale wadogo wenye rangi wanaotolewa kwenye mawe ya ziwa na kusafirishwa wakiwa hai. Wazamiaji kama Ashraf walisifiwa kwa kuwakamata. Msimamizi, Mzee Telesphory, alisifiwa kwa kuwapanga, yaani kuamua nani akae na nani, na nani atengwe. Hasna alibadilisha maji, basi. Ila ukibadilisha maji ya watu wale wale miaka kumi na mmoja, utajua nani mchokozi, nani mwoga, na nani anajifanya amelala huku anamvizia jirani.

Mzee Telesphory alikuwa anastaafu mwisho wa Juni. Kila mtu alijua kiti chake ni cha Ashraf. Kwamba Hasna naye alikitaka, hakuna aliyejua mpaka asubuhi moja alipotua ndoo na kusema, "Mzee, kupanga hata mimi naweza."

Ashraf akacheka. "Dada Hasna, wewe hata kuogelea hujui."

"Kwani wewe samaki unawapanga huku unaogelea?"

Wenzao wakaangua kicheko, na mzee mwenyewe akatabasamu. Akafikiri, akatoa mtihani. Mzee Leodgar, mwalimu mstaafu, alikuwa na nyumba ya wageni mlimani, na mapokezi yake yalikuwa na tangi la kioo refu kama kitanda. Ashraf alikuwa amelijaza mara mbili. Mara ya kwanza samaki waliuana, mara ya pili waliliwa.

"Lipange wewe," akasema Mzee Telesphory. "Siku thelathini. Nikikuta wote wazima, kiti chako. Akipungua hata mmoja, unarudi kwenye ndoo na hili neno usiliseme tena."

Hasna akakubali pale pale.

Mzee Leodgar alimpokea kwa chai na orodha. Alitaka yule mkubwa mwenye nundu ya kichwani, na wale wembamba wanaometameta, na wale weusi wenye mshipi mwekundu kiunoni. Wawili wawili, kama safina ya Nuhu.

"Shikamoo tena, Mzee, maana nitakukatalia," Hasna akasema. "Huyo wa nundu ni mpole, lakini mdomo wake unapitisha kidole gumba changu. Chochote kinachopita hapo, kwake ni kitoweo. Wale wembamba wanapita."

"Lakini si wote wa ziwa moja?"

"Mimi na fisi nasi ni wa mkoa mmoja, Mzee."

Mwalimu akaweka kikombe chini, akacheka mpaka miwani ikateleza.

"Sasa unaniwekea nini?"

"Wenye mshipi. Kumi na watano."

"We mama, wawili tu walitoana roho!"

"Ndiyo sababu. Wakiwa wawili, mkorofi ana mtu mmoja tu wa kumwonea, atamwandama mpaka amuue. Wakiwa kumi na watano, hasira inagawanyika. Kila mmoja anapata kofi lake la siku, maisha yanaendelea."

"Kama bweni," akasema mwalimu, akiitikia kwa kichwa. Mabweni alikuwa ameyasimamia miaka thelathini.

Hasna akaongeza wanne wadogo wanaorukaruka chini kama vyura. Hao hula utelezi wa kijani wa kwenye mawe, chakula kile kile cha wenye mshipi, na ugomvi wa juu hawana habari nao. Jumla kumi na tisa. Hakumtanguliza hata mmoja, maana anayetangulia kuingia hujiona mwenye nyumba. Aliwakusanya wote katika beseni moja, akawamimina kwa mpigo mmoja. Walikimbizana siku mbili. Siku ya tatu walikuwa wanasukumana tu, kama watu kwenye foleni ya bombani.

Siku ya tisa simu ikaita. Alikuwa Eufrasia, mpishi wa pale, mtu wa Mwamgongo, akisalimu kwa Kiha. "Mwakeye, dada. Njoo uone wanao walivyonenepa."

Hasna akapanda mlima mbio. Alipofika, aliwakuta saba wamevimba, wameegemea pembeni, wanahema juu juu.

"Umewapa nini, Eufrasia?"

"Dagaa," akajibu Eufrasia kwa fahari. "Nimewatwanga kwenye kinu, nikawachekecha. Wale wazuri kabisa. Mgeni wa Kigoma utamlisha utelezi?"

Sasa utamgombezaje mtu kama huyo? Alichowapa ndicho angempa askofu. Hasna akamketisha, akamweleza taratibu: samaki hawa wana utumbo mrefu, wa kusaga majani kama wa mbuzi. Nyama huwalalia tumboni ikawaozea. Dagaa wale wale ambao mwenye nundu angewashukuru, wangewazika hawa.

"Siku tatu wasipewe kitu," akasema.

Mzee Leodgar alisimama kabisa. "Nyumba hii mgeni hajawahi kulala njaa."

"Basi wahesabu kuwa wamefunga, Mzee. Mimi nafunga tangu utoto na mpaka leo unaniona."

Eufrasia, kwa toba, alihamishia kiti chake mbele ya kioo akamenya viazi pale pale, akiwafukuza wageni waliotaka kuwatupia samaki makombo ya mkate. Hasna alipanda mlima kila siku na ndoo zake, akitoa maji machafu kidogo kidogo na kuingiza mapya, asiwashtue. Kazi ile Ashraf asingeiweza hata kwa saa moja, yeye mikono yake iliifanya huku macho yakihesabu matumbo. Mfungo ulipokwisha, alitumbukiza tangini mawe mabichi kutoka ufukweni, yamefunikwa utelezi wa kijani. Dume moja alilokwisha kulikatia tamaa likasogea, likasita, likaanza kukwangua jiwe. Hasna akakaa sakafuni, akalitazama likila mpaka chai yake ikapoa.

Siku ya thelathini walikuja wote wawili, Mzee Telesphory na Ashraf. Mzee alihesabu kwa kidole, polepole, akarudia.

"Kumi na nane."

Ashraf akakunja mikono. Eufrasia akashika mdomo. Lakini macho ya Hasna yalikuwa kwenye pango la mawe la upande wa kushoto, ambako kwa siku mbili jike moja lilikuwa haliji kula.

"Subirini," akasema.

Wakasubiri. Kisha pua nyeusi ikachungulia. Jike likatoka taratibu, mshipi wake ukiwaka, mdomo umefumbwa na mashavu yamefura.

"Amevimba tena?" Mzee Leodgar akauliza kwa hofu.

"Tazama mashavu, si tumbo. Ana watoto mdomoni." Hasna akamwonyesha kwa kidole. "Hawa hulelea mayai mdomoni, Mzee. Na hatagi asiyejiona yuko salama."

Mzee Telesphory akainama mpaka pua ikagusa kioo. Alipoinuka, alikuwa tayari anatoa ufunguo wa chumba cha matangi kwenye mkufu wake. "Kumi na tisa," akasema, "na wengine njiani. Hilo sijawahi kupewa hata mimi." Akamwekea ufunguo kiganjani, akavifunga vidole vya Hasna juu yake.

Eufrasia alipiga kigelegele hadi wageni wakatoka vyumbani.

Ashraf alikuna kisogo. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amezoea tu kusifiwa yeye. "Haya, bosi," akasema mwishowe. "Jumatatu tuzamie wapi?"

Lilikuwa swali la kwanza la kazi yake mpya, na Hasna hakutaka kulijibu kwa haraka.

"Kagunga," akasema. "Andaa boti, na mimi nitakuwemo."