Jina refu nililompa Mama Rhobi

Admin, tafadhali nifichie jina, na kata ninayofanyia kazi usiitaje. Mimi ni binti wa miaka 26, karani wa ofisi moja ya kata huku Tarime. Tangu Jumanne chakula hakipiti.

Kuna mama mmoja, nimwite Mama Rhobi. Hunipigia kwa siri akisikia wasichana wanaandaliwa kukeketwa, nami nafikisha taarifa panapohusika. Wapo watoto waliopona kwa sababu yake. Ukoo wa mumewe ukijua, hana pa kukaa, na hilo ndilo dogo.

Alipobadilisha laini nilimhifadhi "Mama Rhobi Taarifa Ukeketaji", nisimchanganye na akina Mama Rhobi wengine, maana huku ni wengi. Baadaye watu nisiowajua wakawa wananitukana kwa simu, nikapakua programu ya kuonyesha jina la anayepiga. Ikaomba ruhusa ya kuona majina niliyohifadhi. Nikakubali bila kusoma, mimi ninayewasomea wengine fomu kabla hawajaweka dole gumba. Kumbe inayachukua majina hayo na kuwaonyesha wengine wanaoitumia.

Jumanne Mama Rhobi akanipigia, anacheka.

"Mwanangu, shemeji yangu kanunua simu kubwa, imemharibu kichwa! Nampigia kuomba plau ya kulimia, ananiuliza, 'Shemeji, jina refu hivi nani kakupa?' Eti namzidi mbunge!"

Nikajilazimisha kucheka. "Simu hizo, mama, zinaandika chochote."

Alipokata nikatafuta namba yake kwenye simu ya mwenzangu mwenye programu hiyo. Likatokea neno kwa neno, kama nilivyoliandika. Kwangu nimeifuta, lakini kwa mwenzangu jina bado lipo. Nimewaandikia wenye programu kuomba liondolewe, sijajibiwa.

Nikimweleza bosi, kazi sina. Nikimweleza yeye, hataniamini tena, na wale watoto nani atawasemea? Najua hizi ni hofu zangu mimi, na hatari ni yake.

Jana kanipigia tena. "Mbona umepoa, mwanangu? Jumamosi nafuata plau. Shemeji kasema nije peke yangu, tuongee vizuri."

Ilikuwa nafasi ya kusema. Nikamwambia, "Haya mama, safari njema."

Leo ni Alhamisi. Ndugu zangu, nisemeni mtakavyo, ila mnishauri: namwanzaje?