Kuku, Muulize Huyo Mtu

Kwa miaka kumi na mmoja mama mkwe wangu hakuwahi kusema nami moja kwa moja. Si chuki. Ni Mkamba aliyeshika adabu za zamani: mkwe hatazamwi usoni, na akipita, mama hujifunika leso. Neno lake kwangu lilipitia kwa mke wangu. Mimi niliyezika mama nikiwa mdogo, jambo hilo liliniuma, na sikumwambia mtu.

Kazi yangu ni kuchunguza kuvumwani, yale magamba ya kijivu yanayong'ang'ania mawe. Mke wangu husema nimeoa mawe, yeye ni mpangaji tu nyumbani. Siku moja juu ya vilima vya Mbooni nilipata gamba linaloweza kuwa la mojawapo ya aina mbili zinazofanana kama pacha. Ni ipi, sikujua. Kuzitenganisha si kazi: tone la dawa ya kutoa madoa kwenye nguo nyeupe. Moja hugeuka nyekundu, nyingine hata haishtuki. Na chupa yangu nimeiacha nyumbani, mjinga mimi.

Chini ya kilima ni kwa mama mkwe, na kitambaa chake cha kanisani hung'aa kuliko cha mtu yeyote; dawa hiyo hakosi. Mke wangu alikuwa sokoni Emali. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikamega kipande cha jiwe chenye gamba hilo, nikashuka, nikapiga hodi kwenye mlango wa nyuma wa jiko.

Sauti ya mama ikatoka ndani: "Wewe kuku, muulize huyo mtu anataka nini."

Kuku alikuwa mlangoni akidonoa. Basi nikamweleza kuku shida yangu, mtu mzima na digrii yangu.

"Kuku, mwambie dawa iko hapo kando ya karai."

Nikadondosha tone. Gamba likawa jekundu palepale.

"Kumbe ni wewe," nikaliambia, nikicheka.

Nafikiri mama alidhani kuna mgeni mwingine. Nikasikia pumzi begani kwangu. "Hebu nione," akasema. Nikampa lenzi yangu ya kukuzia vitu. Alilitazama gamba kwa muda, akanitazama mimi, machoni kabisa, akatabasamu. Kisha akakumbuka. Leso usoni, huyoo ndani.

Nikaokota jiwe langu niende zangu.

"Kuku," sauti ikasema, "mwambie mwanangu asiondoke bila kula."

Nikageuka. Kuku alikuwa ameshaenda shambani kitambo.