Picha Iliyonikamata Nikilala

Leo Ijumaa, miezi saba tangu nitoke Busia, na nusura nifutwe kazi na picha.

Wanafunzi wa mawasiliano wanaomaliza chuo hapa Machakos walikuwa wanaonyesha kazi zao. Fomeni Mutua, msimamizi wetu wa ujenzi hapo chuoni, akatupeleka kubeba viti.

Kuingia ukumbini, picha kubwa kuliko zote ni mimi! Nimelala kwa wilbaro pale mjengoni, mdomo wazi.

Mutua akanigeukia. "Wafula, hii si ilikuwa saa ya kazi?"

Msichana aliyepiga picha hiyo akadakia, "Mzee, mimi ndiye nilimwomba ajifanye amelala."

Uongo mtupu. Nililala kabisa.

"Na hayo mate," Mutua akamuuliza, "pia ulimwomba?"

Ukumbi mzima ukacheka, hata Mutua mwenyewe. Kazi bado niko nayo.

Mke wangu, picha nimepewa. Nakuja nayo Krismasi, lakini usiitundike sebuleni.