Kombe tumebeba, chai ya Mama Ekai imekosa wanywaji

Leo timu yangu imebeba kombe la ligi tena, na nimerudi mtaani kwetu Kanamkemer kama mtu anayetoka matangani.

Tumewafunga vijana wa Kakuma saba bila.
Golini walikuwa na beki aliyevaa glavu, kwa sababu kipa wao tulimchukua msimu uliopita. Straika wao pia.

Watazamaji walikuwa mbuzi.
Zamani watu walipanda miti kututazama, na kiingilio kilitununulia mipira na mafuta ya gari. Leo getini hatukuweka hata mtu.

Nikapitia kwa Mama Ekai, anayeuza chai kwenye mechi zetu. Alikuwa ameketi tu nyumbani, nikamsalimu.

“Ejok, Mama. Mbona leo hukuja?”
“Ejok. Mmefunga ngapi?”

Hakuuliza kama tumeshinda. Siku hizi hakuna anayeuliza hilo.

“Saba.”

Akanimiminia chai.
“Kocha, si mpigwe hata mara moja, watu warudi?”

Nikataka kucheka, nikashindwa.
Nani wa kutupiga, jamani? Wote tumewasajili sisi.