Wazee wa Miaka Tisini na Tisa

Yule mtaalamu nilimshuku tangu aliposhuka kwenye gari na begi lake la kompyuta, suruali imepigwa pasi, wakati sisi wa ghala la kambini Benaco tulikuwa wekundu kwa vumbi kuanzia nywele hadi kucha. Alitumwa kutoka Dar kuhamisha orodha ya wakimbizi wanaopokea chakula. Programu yetu ya zamani, ile ya skrini nyeusi na maandishi ya kijani, ilikuwa inaondoka. Inakuja mpya, ya kubonyeza kwa kipanya. Nikajua hapo ukarani wangu umefika mwisho.

Tena aliuliza maswali mno! "Dada, hapa kwa nini mliandika hivi? Na pale?" Mimi mtoto wa Kibimba, kijiji cha hapa jirani, siyo wa kudanganywa kwa pipi. Nikamjibu kwa mkato, "Tuliandika tulivyoandika." Akiandika kitu kwenye daftari lake, nanyoosha shingo nichungulie. Akitabasamu, nasema moyoni, huyu anatafuta jina la kupeleka kwa wakubwa.

Na la kupeleka lilikuwepo. Programu ya zamani ilikataa katakata mtoto asiye na mzazi kwenye kadi. Ukimwingiza, inalia pii na kumfuta. Sasa watoto waliovuka mpaka wameshikwa mkono na jirani tungewapeleka wapi? Mimi na karani mwenzangu tukabuni njia: yatima aliyechukuliwa na mtu tunamwandika ana miaka tisini na tisa. Mtu mzima haulizwi mzazi. Mtoto anakula, na sisi tukiona tisini na tisa tunaelewa. Lakini kwa mkaguzi ule ulikuwa uongo, na mwenye uongo ni mimi.

Siku moja kabla ya kuhamisha, mtaalamu alivuta kiti karibu yangu. "Dada, hawa wazee wa tisini na tisa mbona wengi hivi?"

Nikainamia kadi zangu. "Watu wa kwao wanaishi sana," nikasema.

Akanitazama kidogo, akarudi kwenye kompyuta yake. Nikajiona mjanja kweli.

Kesho yake, orodha imeshahamishwa na ni siku ya mgao, alifika dirishani bibi mmoja wa Kinyarwanda na watoto wake watatu: wawili wa jirani yake marehemu, mmoja aliyemkuta analia njiani. Tulizoeana. Kihangaza changu, lugha ya kwetu, na Kinyarwanda chake vinasikilizana, na kila mgao lazima anitanie kwamba nimekonda, anitafutie mume mfugaji wa Nyakahura, ninenepe kwa maziwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Nikapiga namba ya kadi yake kwenye kompyuta. Likatoka jina moja, la kwake. Nikapiga tena. Moja.

Mtaalamu akaja nyuma yangu. "Hao wa tisini na tisa programu mpya imewaweka kando. Inadhani wamefariki."

"Ni watoto," nikasema. Nikamweleza yote kwa Kiswahili, foleni ikinitazama.

Hakufoka. Afadhali angefoka. "Nilikuuliza, dada. Jana ningewatengea nafasi yao na kazi ikaisha. Sasa mpaka wahakikiwe mmoja mmoja, na ghala halitoi kitu bila jina. Ni mgao ujao."

Bibi, zaidi ya salamu, hakuelewa Kiswahili chetu. Akashika ukingo wa dirisha, akauliza kwa lugha yake kuna nini. Nikamwambia leo ni chakula cha mtu mmoja. Watoto walikuwa wameshatandika gunia chini, wanasubiri kumiminiwa.

Bibi akamtazama mtaalamu kuanzia viatu hadi kichwani. "Ni yule mgeni, eeh? Nilijua tu. Hana sura ya kuaminika."

Mtaalamu hakuelewa neno hata moja. Alimsalimia kwa adabu, akainama kidogo.

Nami, Mungu anisamehe, nikamkubalia bibi kwa kichwa kwamba ndiye. Bibi akanishukuru, akapokea mahindi ya mtu mmoja, wakaondoka wanne.