Jina la Mwenye Shamba

Mbinga nilipangiwa, sikuichagua. Kwetu ni Tanga. Kutwa nzima nilikaa na kompyuta kwenye chumba cha nyuma cha chama cha wakulima wa kahawa, natengeneza mfumo wa kusajili mashamba. Wenzangu walitaniana kwa Kimatengo, lugha ya huko nisiyoijua, wakicheka nami nacheka, ilimradi nisionekane nimekaa peke yangu. Upweke ulikuwa unanitafuna.

Basi ukali wangu wote nikaumalizia kwenye fomu. Mkulima akiituma, programu ilipokea zile sehemu tu nilizoziruhusu. Nyingine ilizitupa kimya kimya. Sehemu ya jina la mwenye shamba ilikuwemo kwa sababu wakubwa waliitaka, lakini mimi sikuiamini. Mwenye shamba ni yule ambaye akaunti yake imetumika kuingia, basi. Mjanja asije akajiandikia mibuni ya jirani. Nilijiona fundi kweli kweli.

Siku moja akaingia mama mmoja, mjane kutoka Namswea, miguu imejaa matope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi nimeandika jina langu. Mbona mashine yenu imemwandika marehemu?"

Nikaelewa papo hapo. Huku nyumba nzima hutumia simu moja na akaunti moja, ya baba. Aliingia kwa akaunti ya mumewe, akajaza jina lake, nami nikalitupa. Shemeji zake, alinieleza, walikuwa wanalitaka shamba. Wakiliona jina la kaka yao kwenye mfumo, watasema ni mali ya ukoo, na yeye arudi kwao Liuli, ziwani.

"Mibuni ile nimeipanda mimi," alisema.

Niliona aibu, nikakasirika pia, sijui nimkasirikie nani. Fomu sikuilegeza. Barua ya kijiji ya kuthibitisha kuwa shamba ni lake alikuwa nayo, kwa hiyo nilimfungulia akaunti yake mwenyewe, nikalisajili shamba upya. Jina lake likatokea. Alilisoma polepole kwa kidole, akashusha pumzi.

Ikabaki sehemu moja ya lazima: mtu wa karibu.

"Nimwandike nani, mama? Shemeji?"

Alinitazama kama nimemtukana.

"Watoto?"

"Sikujaliwa. Jiandike wewe."

"Mimi mtu wa Tanga, mama. Wakati wowote nahamishwa."

"Na mimi wa Liuli. Andika."